Kolwezi na hesabu ya kusubiri

Umeme wa Inga hufika Kolwezi, mji wa machimbo kusini mwa Kongo, ukiwa hauna mapigo. Kule magharibi, kwenye maporomoko ya Mto Kongo, mitambo huzalisha mkondo geu, ule unaopiga mara 50 kwa sekunde kama umeme wa nyumba yoyote. Kabla ya safari mkondo huo hupandishwa hadi volti 500,000, hunyooshwa, kisha husafiri takriban kilomita 1,700 juu ya misitu na mbuga. Ukifika kituo cha kugeuzia cha Kolwezi hupewa mapigo upya ili uingie kwenye gridi ya Katanga. Laini hiyo ilianza kazi mwaka 1982. Wakati ule hapakuwa na nyingine ya aina yake iliyoishinda kwa urefu duniani, na vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zake havikupata hata taa moja, jambo linalouma mpaka leo.

Kwa nini tabu yote hiyo ya kunyoosha na kukunja tena? Umbali ni sababu ya kwanza, kwa kuwa mkondo mnyoofu hupoteza nguvu kidogo njiani kuliko mkondo geu. Sababu ya pili huzungumzwa mara chache, nayo ni mapigo yenyewe. Gridi mbili za mkondo geu zikiungwa moja kwa moja lazima zipige pamoja, kama wapiga ngoma wawili wa wimbo mmoja: huyu akichelewa, yule anavutwa, huyu akianguka, yule anayumba. Gridi ya Katanga tayari inapiga pamoja na Zambia, na kupitia Zambia na Zimbabwe inafika Afrika Kusini. Inga haimo katika ngoma hiyo. Mkondo mnyoofu hubeba nguvu ukayaacha mapigo nyuma, na kila upande ukabaki na mwendo wake. Wahandisi wa umeme huuita muungano wa asinkroni.

Watengenezaji wa programu nao wana neno hilohilo, na swali lao ni lilelile. Programu moja inapoiomba nyingine kazi, je, isimame mlangoni mpaka ijibiwe, au iache ujumbe iendelee na shughuli zake, jibu lije litakapokuja? Njia ya kwanza ni ya sinkroni, ya pili ni ya asinkroni. Vitabuni suala hili hufundishwa kama la kasi. Anayelitazama kutoka Kolwezi, penye delestaji (kukatwa umeme kwa zamu), mtandao unaoyumba na malori yanayolala barabarani, huona jambo jingine limetangulia: kusubiri hakufutiki, kunahamishwa tu. Kinachoamuliwa na mbunifu ni nani abebe kusubiri huko, na kama mbebaji ataambiwa ukweli kuhusu mzigo wake.

Wakongo wamezijua njia zote mbili tangu zamani. Kabla simu za mkononi hazijaenea, familia zilizotengana zilizungumza kwa foni, ile redio ya masafa ya mbali iliyokuwa parokiani au kwa mfanyabiashara. Pande zote mbili zilipaswa kuwepo kwa saa ileile. Aliyechelewa kwa robo saa alirudi nyumbani bila habari. Siku hizi mtu huyohuyo anarekodi sauti kwenye WhatsApp, huduma iliyoanza kupokea sauti mwaka 2013, anaituma, anafunga simu. Alama moja ya tiki ina maana seva imeipokea. Mbili, imefika kwenye simu ya mlengwa. Zikigeuka buluu, ameiona. Tiki hizo ni kazi bora ya ubunifu. Zinakiri kwamba ujumbe una safari yenye vituo, na kila kituo kina jina lake. Mengi yanayofuata hapa yanahusu programu ambazo hazina tiki ya katikati.

Penye soko hapakosi kabini: meza ndogo, mwavuli wa rangi za kampuni ya simu, simu mbili tatu za vitufe, na kaye ya kuandikia. Kijana anataka dola 20 zimfikie mdogo wake aliyeko Likasi kwa ajili ya karo. Mama mwenye kabini anabonyeza *1122#, menyu ya M-Pesa inatokea: faranga au dola, namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Anaandika, anathibitisha, na papo hapo mtandao unatetereka, skrini inabaki tupu.

"Yaya, imeenda?"

"Message haiyaingia, mudogo. Ngojea kidogo."

Katika mazungumzo hayo mafupi somo zima limo. Menyu ya *1122# hutumia USSD, njia ya sinkroni. Simu na mtambo wa kampuni hufungua kikao, na kikao kinabaki wazi kwa muda tu mpaka pande zote mbili zimalizane. Jibu likichelewa, kikao kinakufa. Ujumbe mfupi wa simu una tabia tofauti kabisa. Unapokewa kwanza na kituo cha ujumbe, unahifadhiwa, kisha unapelekwa. Simu ya mlengwa ikiwa imezimwa kwa kukosa umeme, ujumbe unamngoja. Kwa hiyo huduma nyingi za pesa za simu zimefungwa kwa kamba mbili: ombi linakwenda kwa kikao, uthibitisho unarudi kwa ujumbe. Kikao kinapokufa katikati, kamba ya kwanza imekatika na ya pili haijafika. Pesa imeondoka au haijaondoka? Mama wa kabini hajui. Kijana hajui. Anayejua ni kompyuta iliyo mbali, nayo bado haijasema.

Historia ya M-Pesa yenyewe inaonyesha kwamba mgawanyo huo ulichaguliwa na watu. Safaricom ilipoianzisha Kenya, Machi 2007, iliweka menyu ndani ya kadi ya SIM, na maagizo yakasafiri kwa ujumbe mfupi uliofichwa kwa siri. Mfumo ukawa wa kuachiana ujumbe tangu mzizi wake. Gharama yake ilikuwa kwamba kila mteja alihitaji kadi yenye menyu hiyo. Vodacom Tanzania ilifuata mwaka 2008 kwa njia ya USSD: simu yoyote ya mkononi, kadi yoyote ya kampuni, huduma inapatikana bila kubadilisha chochote. Kongo ilipofikiwa, mwishoni mwa 2012, ilipokea njia hiyo ya pili. Urahisi wa kuanza ukanunuliwa kwa bei ya kikao kinachoweza kukatika. Katika nchi pana namna hii hesabu hiyo inaeleweka, na pengine haikuwa na mbadala. Lakini bei hiyo hulipwa kila siku mezani kwa mwenye kabini, dakika kwa dakika, mbele ya mteja aliyeanza kumtazama kwa shaka.

Sasa mtengenezaji programu anaingia. Tuseme anatengeneza mfumo wa kulipia karo au dawa, na anataka malipo ya simu yaingie yenyewe. Mlango maarufu wa kazi hiyo Afrika Mashariki ni Daraja, ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017. Programu inatuma ombi, na simu ya mlipaji inaonyesha kidirisha cha kuandika namba ya siri. Ndani ya sekunde programu inapata jibu lenye namba 0, likisema kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Hapo ndipo wanaoanza huteleza. Wanaona sifuri, wanaandika "amelipa", risiti inatoka, dawa inatolewa. Kumbe sifuri ile ni tiki ya kwanza tu. Matokeo halisi huja baadaye, kwa ujumbe unaogonga anwani ambayo programu iliitaja. Huo nao una namba yake: 0 kama pesa imelipwa, 1 kama salio halitoshi, 1032 kama mwenye simu amekataa, 1037 kama simu haikupatikana. Na ujumbe huo wenyewe unaweza kupotea njiani, kwa mfano ikiwa seva ya duka ilikuwa imezimika kwa delestaji dakika ileile ulipobisha hodi.

Kwa hiyo malipo yana hali tatu. Yamefaulu, yameshindikana, au hayajajulikana. Programu nyingi zina masanduku mawili tu, na hali ya tatu inasukumwa kwa nguvu kuingia mojawapo. Ikisukumwa kwenye "yamefaulu", duka linapata hasara. Ikisukumwa kwenye "yameshindikana", mteja anaambiwa arudie, na analipa mara mbili. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi kwa sababu hasara yake inamwangukia mwenye kipato kidogo, na kumrudishia dola zake kunaweza kuchukua siku kadhaa za kupanda na kushuka ofisini.

Kurudia kwenyewe hakuna ubaya kama mfumo umejiandaa. Kaye ya mwenye kabini inafundisha namna. Yeye huandika tarehe, namba ya simu, kiasi, na mteja anatia saini. Mteja huyo akirudi saa moja baadaye kudai kwamba ndiyo kwanza anatuma, mstari upo. Katika programu mstari huo ni namba ya kipekee ambayo mwombaji huitunga mara moja tu, kabla hajatuma chochote, na kuiambatanisha na ombi kila anaporudia. Mpokeaji akiona namba aliyokwisha kuitendea kazi, hatendi tena. Anarudisha jibu lile la kwanza. Kinachokosewa mara nyingi ni wakati wa kuitunga. Wapo wanaotunga namba mpya kila kitufe kinapobonyezwa, na hapo mabonyezo matatu ya mteja mwenye wasiwasi yanakuwa malipo matatu halali. Namba inapaswa kuzaliwa pamoja na nia ya kulipa, yaani pale ankara inapotengenezwa, kidole cha mteja kikiwa bado mbali na kitufe.

Wataalamu wa nadharia wamethibitisha kwamba shaka ya mama wa kabini haitokani na ujinga. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walionyesha kwa hesabu kwamba katika mfumo ambao ujumbe hauna kikomo cha kuchelewa, na hata mshiriki mmoja tu anaweza kuzimika, hakuna kanuni inayohakikisha kwamba wote watafikia mwafaka kila mara. Kiini cha ugumu ni kwamba aliyekufa na anayechelewa hufanana machoni pa anayengoja. Kikomo cha kungoja kinachowekwa kwenye programu, sekunde 10 au 30, ni makisio ya binadamu. Hakileti ukweli wowote mpya kuhusu upande wa pili.

Tukitoka sokoni kuelekea machimboni, kusubiri kunakuwa kitu cha kushikika. Baina ya shimo na kinu cha kusaga huwa kuna kilima cha mawe yaliyokwisha kuchimbwa. Kilima hicho ni foleni ya ujumbe iliyo wazi juani: wachimbaji wanamwaga upande huu, kinu kinakula upande ule, na hakuna anayemsimamisha mwenzake kwa lori moja kuharibika. Migodi ya shaba ya Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, ilipoanza kuzalisha Mei 2021, tayari ilikuwa imerundika zaidi ya tani milioni 2 za mawe ya shaba juu ya ardhi. Thamani ya akiba za namna hiyo ilionekana miaka minne baadaye. Mei 20, 2025, mitikisiko ya ardhi ilisimamisha uchimbaji wa chini katika mgodi wa Kakula. Watu walitolewa, mashimo yakaanza kujaa maji, lakini vinu viliendelea kusaga kwa kasi ndogo, vikilishwa kutoka kwenye akiba ya juu. Kama kila tani ingekwenda moja kwa moja kutoka mwambani hadi kinuni, vyote vingesimama siku moja.

Hiyo ndiyo sifa kubwa ya foleni, na inafaa kusifiwa kwa sauti. Ila kilima kina hatari yake, ambayo Lualaba, mkoa wa Kolwezi, iliiona mwaka huohuo kwa madini mengine. Februari 22, 2025, serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka. Juni iliongeza miezi mitatu. Kuanzia Oktoba 16 ukaja mgao: tani 18,125 kwa kipindi kilichobaki cha mwaka, kisha tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Sasa kobalti ya hapa hutoka mwambani pamoja na shaba. Kampuni inayotaka kuendelea na shaba haiwezi kuiambia kobalti ingoje chini. Mlango wa kutokea ukafungwa, mlango wa kuingilia ukabaki wazi, na maghala yakaanza kujaa.

Programu nyingi hufia hapo. Mbunifu anaweka foleni mbele ya kazi nzito, anafurahi kuona hakuna anayekwama, anaondoka. Kazi zikiingia kwa kasi kuliko zinavyotoka, hata kwa tofauti ndogo, foleni haitatulia kamwe. Itakua mpaka diski ijae. John Little alitoa uthibitisho wake mwaka 1961, na kanuni yake inatosha kuandikwa kwenye kiganja: idadi ya wanaongoja ni sawa na wanaoingia kwa siku mara siku ambazo kila mmoja anakaa. Tuseme malori 300 yanafika mpakani kila siku na kila lori linakaa siku 4: barabarani kutakuwa na malori 1,200, na hakuna hotuba itakayoyapunguza bila kugusa moja ya namba hizo mbili. Kwa sababu hiyo foleni nzuri ina ukomo, na ikikaribia kujaa inamrudishia mtumaji neno: punguza mwendo. Foleni isiyo na ukomo inanyamaza, na kimya chake hudhaniwa kuwa ni afya.

Kuhusu mpaka, Kasumbalesa, kwenye njia ya Zambia, takriban kilomita 400 kutoka Kolwezi, ni mfano wa kosa lililo kinyume: kungojana kupita kiasi. Shehena ya shaba haivuki kwa idhini ya ofisi moja. Kuna forodha, kuna wanaothibitisha madini, kuna wakaguzi wa bidhaa, kuna wanaotoza ada za mkoa. Chukulia huduma tano zimefungwa mkia kwa kichwa, kila moja ikingoja jibu la inayofuata, na kila moja inapatikana asilimia 99 ya muda. Asilimia 99 mara tano haibaki 99. Inashuka hadi karibu 95, yaani zaidi ya saa nzima ya kusimama kila siku bila ya yeyote kati ya watano kuwa mzembe. Na umbali nao una kodi yake. Kutoka Kolwezi hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 7,000. Nuru ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70 hata mtandao ukiwa safi. Ukurasa unaouliza seva ya huko mara 20, swali baada ya swali, umekwisha kula sekunde 1.4 kabla haujakutana na tatizo lolote. Na matatizo yapo: Agosti 2023, maporomoko ya tope katika korongo la chini ya bahari mdomoni mwa Mto Kongo yalikata nyaya za mtandao za WACS na SAT-3. Programu iliyozoea kungoja Ulaya kwa kila neno haikuwa na la kufanya isipokuwa kuganda. Programu inayoandika kwanza kwenye simu yenyewe, kisha ikapeleka njia inapofunguka, inaendelea na kazi. Kwa duka la dawa au zahanati ya Lualaba, kuandika kwanza mahali pale mtu alipo kunapaswa kuwa desturi, na anayetaka njia nyingine ndiye atoe sababu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kuachiana ujumbe ni hatari au ni dhuluma, na hapo programu haina budi kusimama na kungoja. Baruti machimboni ni mfano mmoja. Kabla ya kulipua, walinzi wa kila upande huulizwa kwa redio na kila mmoja hujibu kwa sauti yake kwamba eneo lake liko tupu. Ujumbe uliorekodiwa dakika 10 zilizopita haufai kitu, kwa sababu unaeleza eneo lilivyokuwa. Mmoja asipojibu, hakuna kulipua.

Mfano mwingine uko kwenye depo za kununulia madini, kama zile za Musompo nje ya Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo huleta viroba vyao. Bei ya kilo hutegemea asilimia ya madini iliyomo, na asilimia hiyo husomwa kwa kifaa cha mkononi kinachofanana na bastola. Watu wote hukiita Metorex, kwa jina la kampuni ya Ufini. Mnunuzi anakielekeza kwenye kiroba, anabana, namba inatokea kwenye kioo kidogo. Wachimbaji wamelalamika kwa miaka kwamba namba za depo huwa chini ya ukweli, wala hawana kifaa chao cha kulinganisha. Mtu anayewabunia wauzaji na wanunuzi hawa mfumo wa kisasa atavutiwa haraka na foleni: pima sasa, tuma kwenye seva, matokeo na malipo yatakuja kwa ujumbe jioni. Mfumo wake utakuwa mwepesi, hautakwama mtandao ukikatika, na utapita majaribio yote. Lakini utakuwa umemwondoa mchimbaji kutoka mahali pekee ambapo bado ana nguvu, yaani pale kiroba kikiwa mbele yake, hakijamwagwa kwenye rundo la wengine, na anaweza kukibeba kwenda depo ya jirani.

Mfumo wa haki kwa mtu huyo una sehemu mbili zenye mwendo tofauti. Uzito na asilimia vionekane kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwenye kioo kimoja au kwenye simu mbili zilizokaribiana, bila kupitia seva yoyote ya mbali, na mnunuzi asiweze kuendelea mpaka muuzaji akubali. Baada ya hapo nakala ya mizani kwenda kwa wakala wa serikali, takwimu za mwezi, taarifa ya asili ya madini kwa wanunuzi wa China na Ulaya, hayo yote yaingie kwenye foleni yasafiri usiku mtandao ukitulia, yakiwa na namba ileile iliyozaliwa mezani. Na kwenye simu ya mchimbaji, chini ya kiasi anachodai, ibaki tiki moja mpaka pesa iingie kweli, ndipo iwe mbili.

Kwenye depo zilivyo leo, mchimbaji huinama mbele ya kioo cha Metorex, anaisoma namba mwenyewe kwa sauti ili wenzake waisikie, kisha ndipo anaachia kamba ya kiroba.